Masta silinda: historia chini ya mguu wa dereva

Wadau, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalipumzika yakisubiri kivuko cha Rufiji. Leo yanakimbia, na huku Mchukwi najiuliza: breki je?

Mmarekani Malcolm Loughead aliombea hataza breki zake za mafuta mwaka 1917. Masta za zamani zilikuwa na njia moja. Bomba likipasuka, kwisha habari. Marekani ikalazimisha njia mbili kwa magari madogo mwaka 1968: moja ikivuja, ya pili inashika.

Ila raba za ndani ni zile zile. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, masta ikaota kutu, pedali ikazama. Yabadilisheni kila miaka miwili. Oili ya injini msitie kamwe, inavimbisha raba. Abiria hawana breki nyingine!