Ngiri ya tumbo baada ya ajali: usiukande uvimbe huo

Mtoto ameanguka na baiskeli, ncha ya usukani imemchoma tumboni. Ngozi haikupasuka, imebaki alama nyekundu tu. Baada ya siku mbili pana uvimbe laini. Nyumbani wanasema ni damu imevilia, akandwe kwa maji moto. Hapo ndipo penye hatari.

Msikilizaji, tukitaja ngiri wengi hufikiria kinena, wengine huichanganya na mabusha. Lakini ngiri inaweza kutokea kwa kishindo kimoja: usukani wa pikipiki, pembe la ng'ombe, hata mkanda wa gari unapombana abiria wakati wa ajali. Ngozi hunyumbulika, misuli iliyo chini yake huchanika, na utumbo hujipenyeza kwenye mpasuko huo. Haitokei mara nyingi, kwa hiyo hata mhudumu wa afya anaweza kuipita bila kuitambua.

Angalia kama uvimbe unaongezeka mgonjwa akikohoa au kusimama, na kupungua akilala chali. Damu iliyovilia haina tabia hiyo. Mweleze daktari kilichomgonga ni nini. Ultrasaundi inaweza kuonyesha mpasuko, lakini kipimo cha CT huonyesha vizuri zaidi, pamoja na hali ya utumbo, ini na bandama. Kishindo kilichochana misuli kinaweza kuwa kimetoboa utumbo pia.

Tiba ni upasuaji. Hakuna kidonge wala mzizi unaounga misuli iliyochanika. Mpasuko mdogo hushonwa, mkubwa mara nyingi huwekewa wavu maalumu. Utumbo ukiwa umetoboka, madaktari wengi huepuka wavu huo kwanza kwa kuhofia maambukizi. Kama ndani hakuna jeraha jingine, operesheni inaweza kupangiwa siku ya baadaye. Baada ya hapo jembe na ndoo za maji vitasubiri wiki kadhaa. Daktari ndiye atakayesema ngapi.

Uvimbe ukiwa mgumu na haurudi ndani, maumivu yakizidi, mgonjwa akitapika, akikosa choo na hewa, au tumbo zima likikaza, huenda utumbo umebanwa au umetoboka. Usiukande wala kuusukuma. Usimpe chakula wala kinywaji. Tafuta usafiri usiku huohuo, usisubiri kukuche. Na kwa wasikilizaji wa Tanzania mnaouliza kuhusu PF3: mgonjwa aende hospitali kwanza, ndugu mmoja aifuatilie fomu polisi.