Pembe na Mzinga: Uanaume wa Unyamwezi na Misitu Yake

Katikati ya karne ya 19, uanaume Unyamwezini, magharibi mwa Tanzania ya leo, ulipimwa barabarani. Kijana alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka Unyanyembe, nchi iliyozunguka Tabora, hadi Bagamoyo pwani, mwendo wa kilometa 800 hivi, na wabeba pembe za ndovu walilemewa zaidi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume. Mashamba yalibaki mikononi mwa wanawake na watumwa.

Sifa nyingine ilikuwa kuua ndovu. Wawindaji wa chama cha Bayege walifuata pembe mbali na kwao. Msiri aliyetawala Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, alitoka Unyamwezi, na watu wake wakajulikana kama Wayeke. Ndovu walipopungua, misafara ilipita Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Manyema, mashariki mwa Kongo. Sifa hiyo haikumdai mwanamume autunze msitu: pembe zikiisha, alihama.

Ulinaji wa asali, nao kazi ya wanaume, ulikuwa na masharti tofauti. Mzinga hauna faida bila miti ya kuchanua, hivyo mlinaji alilazimika kuijua miombo na majira yake. Hata hivyo si haki kumfanya mtakatifu. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuchuna mti mzima, ambao hufa, na moto wa kufukuzia nyuki umeunguza misitu mingi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Vijana wengi wakaelekea mashamba ya mkonge. Baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa Urambo, tumbaku ilishika nafasi. Mkulima aliheshimiwa kwa fedha za msimu, lakini majani hukaushwa kwenye mabani yanayochomwa kuni za miombo, na hapo tumbaku ikawa adui wa asali.

Ushirika wa wafuga nyuki ulioanzishwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1960 na chuo cha ufugaji nyuki cha hapo vilieneza maarifa mapya. Mzinga wa mbao hauui mti kwa kuchunwa gome. Tena ukiwekwa chini hauhitaji kupandiwa, na kupanda huko ndiko kulikokuwa sababu ya kuwaweka wanawake kando. Sasa wengi wao wana mizinga yao.