Moshi, Nyungu na Pampu: Tarikhi ya Dawa za Pumu

Pumu ni maradhi ya kale, na tiba yake iliyo kongwe kuliko nyingi ni ya kuvutwa. Maana kabla wanadamu hawajajua mapafu yameumbwaje wala pumzi inafanya kazi gani mwilini, walikwisha kutambua kwamba dawa ya kifua yafaa ipite njia ile ile ipitayo hewa. Katika hati ya mafunjo ya Misri ijulikanayo kwa jina la Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, imeelezwa namna ya kutia mawe moto, kuweka dawa juu yake, kuyafunika kwa chungu kilichotobolewa, na kumpa mgonjwa wa kifua utete auchomeke tunduni avute mafusho. Sisi watu wa mwambao hatuna haja ya kustaajabia jambo hilo, kwani ni nani katika sisi asiyepata kufunikwa shuka juu ya nyungu ya majani yachemkayo, au asiyepata kuona mgonjwa akifukizwa buhuri mpaka nyumba nzima ikafuka moshi? Mazoea hayo yana asili ndefu, na ndani yake mna hikima na mna hatari, na vyote viwili vimefuatana karne kwa karne mpaka kwenye pampu ndogo ichukuliwayo leo mfukoni.

Ili msomaji afahamu kwa nini dawa nyingine zilifaa na nyingine zikadhuru, yampasa kwanza ayajue maradhi yenyewe. Mwenye pumu ana mirija ya hewa iliyo nyepesi kughadhibika: ikipata vumbi, moshi, baridi, mafua, manyoya ya paka au hata kicheko kirefu, misuli iizungukayo hukaza, ukuta wake wa ndani huvimba, na balghamu nzito huiziba njia iliyosalia. Mambo matatu hayo hayaendi mwendo mmoja. Kukaza kwa misuli huja kwa dakika na kwaweza kuondoka kwa dakika. Lakini uvimbe hukaa siku na majuma, na hukaa hata wakati mgonjwa anapojiona mzima, akicheka na kutembea na wenziwe. Kwa hiyo dawa ilegezayo misuli humpa mtu faraja ya wazi mbele ya macho ya watu, na dawa ipunguzayo uvimbe haimwonyeshi kitu siku aitumiapo. Na mwanadamu, kwa tabia yake, humshukuru yule aliyemwonyesha. Takribani tarikhi yote ya tiba ya pumu imo katika tofauti hiyo.

Wayunani waliieleza vizuri dhiki ya mgonjwa, na tabibu Aretaeus wa Kapadokia, wa karne za mwanzo baada ya Nabii Isa, alimchora mshikwa na pumu, asiyetoshwa na hewa ya nyumba, kwa namna ambayo mama yeyote aliyekesha na mtoto wake angeitambua. Lakini mtu ambaye kwa rai yangu anastahili kutajwa mbele ya wote ni Musa bin Maymun, Myahudi mzaliwa wa Cordoba katika Andalusi, ambaye dhuluma za watawala wa zama zake zilimhamisha nchi hata nchi mpaka akatua Misri, akawa tabibu wa wakubwa wa dola ya Salahuddin na wa mwanawe al-Afdal, na huko akafariki mwaka 1204. Mtu mmoja wa daraja ya juu, aliyesumbuliwa na pumu iliyomshika kila mafua yalipomwingia katika majira ya mvua, alimwomba ushauri, naye akamwandikia risala kwa lugha ya Kiarabu, yenye milango kumi na mitatu, ambayo baadaye ilifasiriwa kwa Kiebrania na Kilatini.

Ajabu ya risala ile ni kwamba tabibu yule hakumdanganya mgonjwa wake. Alimwambia wazi kuwa hana dawa ya kuyang'oa maradhi hayo, kisha akatumia sehemu kubwa ya maneno yake kumweleza namna ya kuishi: ale kwa kiasi, asilale mara baada ya kushiba, anywe mchuzi wa kuku, ajihadhari na huzuni na ghadhabu kwa kuwa nafsi ikifadhaika pumzi nayo hufadhaika, na asikimbilie dawa kali zenye kutikisa mwili. Juu ya hewa alinena kwa kirefu. Hewa ya miji, alisema, hutuama na kuchafuka kwa sababu ya majumba marefu, njia nyembamba na taka za watu, na asiyeweza kuuhama mji basi na akae pembezoni mwake, katika ghorofa ya juu, mahali jua liingiapo. Mtu aliyekaa katika vyumba visivyo dirisha vya miji yetu ya leo, jiko la mkaa mlangoni na jalala nyuma ya ukuta, akisoma maneno hayo hatadhani yaliandikwa zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Yapata karne tatu kabla yake, ar-Razi alikwisha kuandika risala juu ya sababu iliyomfanya Abu Zayd al-Balkhi ashikwe na mafua kila majira ya waridi, na kwa hivyo fikra ya kwamba kitu cha nje, kizuri na kisicho na sumu kwa wengine, chaweza kumdhuru mtu mmoja pekee, haikuwa ngeni kwa wanazuoni waliotumia Kiarabu.

Miaka mia tatu na ushei baada ya Ibn Maymun, hikima ile ile ilitenda kazi katika nchi ya baridi. Mwaka 1552 tabibu wa Kiitalia aitwaye Girolamo Cardano alisafiri hata Edinburgh kumtibu John Hamilton, askofu mkuu wa St Andrews, ambaye pumu ilikuwa imemdhoofisha miaka mingi. Miongoni mwa mambo aliyoamuru ni kuondolewa kwa godoro na mito ya manyoya ya ndege aliyokuwa akilalia, mahali pake pakawekwa vitu vya hariri. Na askofu akapata nafuu kubwa, akamlipa tabibu wake kwa ukarimu, akaishi mpaka aliponyongwa kwa mambo ya siasa mwaka 1571. Cardano hakujua wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wakaao ndani ya matandiko, ambao wanazuoni wa Leiden huko Uholanzi waliwathibitisha katika miaka ya 1960 kuwa ndio wafanyao vumbi la nyumba liwe adui wa mwenye pumu. Alikuwa na macho tu ya kuona mgonjwa analalia nini. Kwetu sisi, tuliozoea magodoro ya sufi yasiyoanikwa juani mwaka hata mwaka, swali hilo la Cardano lingali lafaa kuulizwa.

Sasa tuurudie moshi. Mnanaha, mmea wa majalalani ambao wazee wa pwani waliwakataza watoto kuugusa kwa kuwa mbegu zake hutia wazimu na zaweza kuua, una jamaa zake Bara Hindi ambao tangu zamani walikaushwa wakavutwa katika kiko kwa ajili ya pumu. Mwaka 1802 jenerali mmoja wa Kiingereza aitwaye Gent, aliyejifunza jambo hilo Madras, aliipeleka dawa hiyo Uingereza, na kabla ya karne kwisha sigara za mnanaha zilikuwa zikiuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani kama biashara nyingine yoyote. Mwandishi wa Kifaransa Marcel Proust, aliyeshikwa na pumu tangu utotoni, alivuta sigara hizo na kuchoma poda zake katika chumba chake cha Paris alichokizungushia magome ya koki kuzuia makelele, akiandika usiku na kulala mchana. Haikuwa hadaa tupu: mmea huo una atropini, ambayo hulegeza misuli ya mirija ya hewa, na dawa ya ipratropiamu itumikayo hospitalini hata leo ni ya ukoo huo. Lakini msomaji na apime mwenyewe jinsi mgonjwa wa mapafu alivyoshauriwa kuvuta moshi ili apumue, akapata faraja ya saa moja, na moshi ule ule ukamchokoza mirija yake kwa kesho yake.

Kahawa nayo ilipata heshima yake. Tabibu wa Kiingereza Henry Hyde Salter, mwenyewe mgonjwa wa pumu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliisifu kahawa kali isiyotiwa maziwa, inywewe tumbo likiwa tupu, na hakukosea sana, kwa kuwa kafeini ni ndugu wa teofilini, ambayo katika sura ya sindano ya aminofilini imewapa pumzi wagonjwa wengi katika zahanati zetu. Wanywa kahawa chungu wa barazani wasije wakadhani kwa hilo wamekingika. Nguvu yake ni ndogo.

Karne ya ishirini ilileta vitu kwa haraka. Adrenalini, iliyotolewa katika tezi zilizo juu ya figo, ikaanza kudungwa kwa wenye pumu katika miaka yake ya mwanzo. Efedrini, asili yake mmea ambao Wachina waliutumia tangu dahari na ambao Mjapani Nagai Nagayoshi aliutoa kiini chake mwaka 1885, ilienea duniani baada ya uchunguzi uliofanywa Peking mwaka 1924. Kisha mwaka 1956 kampuni moja ya Marekani ikatoa pampu ya mkononi yenye kipimo cha dawa kwa kila mbonyezo, na inasimuliwa kuwa fikra hiyo ilitoka kwa binti wa mkuu wa kampuni, msichana wa miaka 13 mwenye pumu, aliyemwuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwekwe katika kopo la kupuliza kama yafanywavyo manukato.

Hapo faraja ikawa nyepesi mno. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda ghafla katika Uingereza, Australia na New Zealand, na wanazuoni wengi wakaishuku pampu ya isoprenalini yenye nguvu kubwa, ambayo wagonjwa waliibonyeza mara kwa mara nyumbani, wakitulizwa na faraja fupi ilhali uvimbe wazidi ndani, mpaka walipofika hospitali wamechelewa. New Zealand ikapatwa tena na msiba wa namna hiyo tangu mwaka 1976, safari hii kwa dawa ya fenoteroli, na ilipozuiwa vifo vikashuka. Salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, ni salama zaidi kuliko hizo; lakini nayo hulegeza misuli tu, wala haigusi uvimbe. Dawa ya uvimbe, steroidi ya kuvutwa iitwayo beklometasoni, ilifika mwaka 1972, ikaletwa bila shangwe, kwa kuwa haina cha kumwonyesha mtu kwa saa ile. Na ndiyo iliyoleta mapinduzi ya kweli. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu liitwalo GINA lilisema bayana kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa pampu ya kulegeza misuli peke yake, bali kila mmoja apate na steroidi ya kuvutwa.

Maneno hayo yametufikia kwa shida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka huo wa 2019 pumu iliwashika watu milioni 262 na kuwaua 455,000, na vifo vingi vya pumu hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani wa chini, ambamo dawa ya uvimbe ama haipo dukani, ama ipo na bei yake haivumiliki. Tena kuna dhana itembeayo midomoni mwa watu kuwa pampu humzoesha mtu, na kuwa aliyeanza kuitumia amekwisha, hata wazazi wakamwepusha mtoto nayo na kumpa vidonge na nyungu. Ilhali dawa ya kuvutwa ni chache mno kwa kipimo kuliko ya kumeza, na huenda moja kwa moja penye dhiki. Mwenye kukosa kifaa cha kumsaidia mtoto kuvuta vizuri, matabibu wa Cape Town walithibitisha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kadiri ya mdomo wa pampu na kufungwa vizuri, hufanya kazi ile ile.

Basi msomaji ambaye wewe au mwanao mna pampu moja tu ya kufungua kifua, mwulizeni tabibu habari ya ile ya kuzuia uvimbe, nayo itumiwe kila siku kama alivyoagiza, hata siku za uzima, na kinywa kisukutuliwe kwa maji baada yake. Udi na ubani viwekwe mbali na chumba cha mgonjwa. Na mtu akishindwa kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikigeuka rangi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akipewa pampu njiani, wala asingojewe nyungu ichemke.