Kutoka Telegrafu hadi Intaneti: Historia ya Njia za Mawasiliano Zinazoifikia Vitongoji, Pemba

1.0 Utangulizi

Vitongoji iko mashariki ya mji wa Chake Chake, katika upande wa Kisiwa cha Pemba unaoelekeana na Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wa hapo anapofungua kompyuta au simu yake kutazama matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, jibu humfikia kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Wepesi huo unaficha safari ndefu, na safari hiyo ina historia yake. Makala haya yanaichunguza historia hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba intaneti, ambayo kwa muundo wake haina kitovu kimoja, ilipofika katika mwambao huu ilifuata njia zilizokwishachorwa na telegrafu, simu na umeme. Kwa kuwa Pemba ilikuwa ncha ya tawi katika njia hizo zote, imebaki kuwa ncha ya tawi katika hii pia.

2.0 Muundo wa Intaneti kwa Ufupi

Intaneti ni mtandao wa mitandao. Chimbuko lake ni ARPANET, mtandao wa utafiti ulioanza nchini Marekani mwaka 1969, ambao tarehe 1 Januari 1983 ulihamia katika itifaki za TCP/IP zinazotumika hadi leo. Msingi wake ni huu: ujumbe hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila pakiti hubeba anwani ya itokako na ya iendako, na mashine ziitwazo vipanga njia huipokezana pakiti hiyo hatua kwa hatua hadi ifike. Njia moja ikikatika, pakiti zinaweza kupitishwa kwingine, mradi njia nyingine ipo.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito katika makala haya. Itifaki huchagua miongoni mwa njia zilizopo, haijengi njia. Njia hujengwa na watu, kwa fedha na kwa maamuzi.

3.0 Waya wa Kwanza: Telegrafu

Zanzibar iliunganishwa na dunia kwa waya mwaka 1879, pale mkongo wa telegrafu ulipolazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Ulikuwa mradi wa kampuni za Kiingereza, na ulihudumia kwanza mahitaji ya dola na biashara. Nguvu yake kisiasa ilidhihirika mwaka 1896. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akaingia katika kasri. Mwakilishi wa Uingereza, Basil Cave, aliomba idhini ya kutumia nguvu kwa njia ya telegrafu, na London ikaijibu kabla ya manowari kufyatua mizinga asubuhi ya tarehe 27. Kabla ya waya, jibu kama hilo lingekuja kwa meli, na lingechukua majuma kadhaa.

Pemba haikuwa kituo katika mkongo huo, ingawa karafuu zake zilikuwa miongoni mwa mali ambazo bei yake ilisafiri ndani ya waya ule. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Pemba iliwasiliana na Unguja kwa simu ya upepo. Hapo ndipo mpangilio ulipowekwa: dunia hufika Unguja au bara kwanza, na kutoka huko ndipo hufika Pemba.

4.0 Kutoka Setilaiti hadi Mkongo wa Baharini

Intaneti iliingia Tanzania katika miaka ya 1990, wakati sekta ya simu ilipokuwa ikibadilika. Kampuni ya simu ya TTCL ilianza mwaka 1994 baada ya shirika la posta na simu kugawanywa, na mwaka 1999 Zantel ilianzishwa Zanzibar. Kikoa cha .tz, kinachobeba majina ya tovuti za nchi, kilisajiliwa mwaka 1995.

Hata hivyo, nchi ilikuwa na jina katika intaneti kabla ya kuwa na njia yake. Mawasiliano ya nje yalipita katika setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Pakiti kwenda na jibu lake kurudi hukata masafa hayo mara nne, jambo linalochukua takriban nusu sekunde hata kama kila kitu ni kizima. Gharama nayo ilikuwa kubwa. Zaidi ya hayo, barua pepe baina ya wateja wa kampuni mbili za mji mmoja iliweza kupitia Ulaya au Marekani, kwa sababu kampuni hizo hazikuwa na mahali pa kukutana nyumbani. Mwaka 2004 kilianzishwa Dar es Salaam kituo cha mabadilishano cha TIX, ambapo mitandao ya ndani hukabidhiana pakiti moja kwa moja.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja kwa njia ileile ya mwaka 1879, yaani bahari. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Nchi kavu, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulisambaza uwezo huo mikoani. Hata hivyo, mikongo hiyo yote miwili ilitua Dar es Salaam. Mkaazi wa Vitongoji, anayeitazama Bahari ya Hindi kila siku, huufikia mkongo uliolazwa katika bahari hiyo kwa kugeuka nyuma: kupitia mnara wa simu, Chake Chake, kisha kuvuka maji hadi kituo cha kutua.

5.0 Umeme kama Sharti la Mtandao

Historia ya mtandao vijijini haitenganiki na ya umeme, kwani mnara, kipanga njia na kompyuta vyote huuhitaji. Hadi mwaka 2010, Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ulikamilika waya wa umeme wa kilovolti 33 uliopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway. Hivyo, mwaka uleule wa EASSy, Pemba ilipata pia nishati ya kuendeshea vyombo vya kuufaidi mkongo huo. Sadfa hiyo inaeleza kwa nini muongo uliofuata, pamoja na kuenea kwa simu janja, ndio ulioiingiza intaneti majumbani.

6.0 Jaribio la Mwaka 2024

Udhaifu wa mpangilio huu ulionekana mwaka 2024. Mwezi Februari, SEACOM ilikatika katika Bahari ya Sham. Tarehe 12 Mei, EASSy na SEACOM ziliharibika kwa pamoja upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ikadorora vibaya nchini Tanzania. Mikongo miwili ilikuwa imehesabiwa kuwa njia mbili. Lakini kwa kuwa ilipita katika sakafu ileile ya bahari, hitilafu ziliikuta pamoja.

Kwa Vitongoji funzo ni zito zaidi, kwa sababu kabla ya pakiti kufika katika mikongo hiyo lazima ivuke bahari nyingine ndogo kutoka Pemba. Leo maombi ya mikopo ya elimu ya juu, matokeo ya mitihani na huduma kadhaa za serikali hutafutwa mtandaoni. Anayekatikiwa na njia hukatikiwa na haki hizo pia.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kuunganishwa kwa Vitongoji ni tabaka juu ya tabaka: telegrafu iliamua bandari, simu ikaamua vituo, umeme ukaamua wakati, na intaneti ikarithi yote matatu. Itifaki inaichukulia kila kompyuta kuwa sawa na nyingine. Jiografia ya miundombinu haifanyi hivyo. Kwa msingi huo, kipimo cha kufaulu kwa sera ya mawasiliano visiwani kisiwe idadi ya watu waliofikiwa na mtandao peke yake. Iulizwe pia: njia moja ikikatika, Pemba inabaki na ngapi?