Nyumba ya Kale na Utume Mpya



Kasongo ya zamani tunaiita Tongoni, na tongo ni mahame. Hapo Tippu Tip alikuwa na makao yake, na hapo jeshi la Dhanis liliingia mwezi wa Aprili 1893. Pembe za ndovu za Maniema zilipita Kabambare, zikavuka Ziwa Tanganyika, zikafika pwani zikiwa mabegani mwa watu, baadhi yao watumwa.

Misafara hiyo iliendeshwa kwa mikopo. Mmoja wa waliomkopesha Tippu Tip alikuwa Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Mwaka 1887 Topan alianza kujenga hospitali ya maskini mbele ya bahari, katika Mji Mkongwe. Alifariki mwaka 1891, na mjane wake akaendeleza kazi hata ikakamilika mwaka 1894. Baadaye nyumba iliuzwa, orofa ya chini ikawa zahanati. Ndiyo sababu hadi leo inaitwa Zahanati ya Kale. Ikaja ikachakaa sana. Katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan liliikarabati, ikawa kituo cha utamaduni.

Nyumba hiyo iko mbali, lakini inatuhusu. Hakuna awezaye kupima ni kiasi gani cha mali iliyoijenga kilitoka katika jasho la wazee wetu. Je, ingalibomolewa? Injili ya Luka inatuonyesha Zakayo: wokovu uliingia katika nyumba yake, wala haikubomolewa. Lakini Zakayo hakunyamaza. Alisimama, akataja deni lake mbele ya watu, akaahidi kurudisha.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Jengo la kale linaweza kupewa utume mpya, ila si kwa kupaka chokaa juu ya historia yake. Kasongo na Kabambare zina nyumba za matofali za enzi ya ukoloni. Tukitaka mojawapo iwe maktaba au darasa la watu wazima wasiojua kusoma, tuanze kwa wazee: nani alichoma matofali hayo, nani alilazimishwa kuyabeba? Tuyaandike majibu, tuyatundike ukutani, ndipo tufungue mlango.

Tutafakari katika kikundi: ni nyumba ipi kwetu inayongoja kusemwa ukweli wake, na maskini yupi angekuwa wa kwanza kuingia?