Mama, nitilie
Mgeni anayepitia Kondoa kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, akitaka chakula cha wenyeji, ugali wa uwele na mlenda, aulizie mamantilie, mama muuza chakula, kabla ya hoteli. Neno mamantilie ni sentensi nzima: mama, nitilie. Kitenzi ni tia. Kikiwa cha kutendea, l ya kale hurudi, tilia. Ile ni, iliyomezwa ikabaki n, ndiye mlaji mwenyewe. Wapo wasemao lina dharau, heri mama lishe. Nia yao njema, lakini mama lishe humtaja mpishi na kazi yake tu. Mamantilie limehifadhi sauti ya mwenye njaa anayenyoosha sahani, akimwita mpishi mama. Dharau iko wapi hapo? Liandikwe bila haya, hata kwenye kibao cha mlangoni.