Sauti Iliyoandikwa Juu ya Kioo



Santuri nyeusi za zamani hufanana machoni, lakini si zote za aina moja. Katika miaka ya 1930 vituo vya redio vya Marekani vilirekodi kwa sindano iliyochonga mfereji papo hapo katika utando laini wa laka, uliopakwa juu ya bamba la alumini. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, alumini ilihitajiwa kuundia ndege. Ndipo watengenezaji wakaweka kioo chembamba mahali pake. Basi hotuba, habari na nyimbo za miaka ile zikakabidhiwa kitu kivunjikacho kama dirisha.

Watunza nyaraka huitambuaje? Huchungulia ukingo na tundu la katikati kwa taa: penye alumini hung'aa chuma, penye kioo hakuna chuma, na pengine mwanga hupenya. Kamwe hawaikunji ili kuijaribu, maana kioo hakikunjiki. Tena laka yenyewe huzeeka. Mafuta ya mbarika yaliyoilainisha hutoka polepole na kuacha vumbi jeupe, ambalo wengi hulidhania ukungu. Kisha laka hunywea, hupasuka na kubanduka, na sauti huondoka nayo. Kwa hiyo santuri hizo husimamishwa wima mahali pakavu na pa baridi, wala hazirundikwi; nazo hutangulizwa kunakiliwa kabla ya nyingine.

Kwa nini haraka hiyo? Twaijua Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 chini ya Padre Guido Haazen. Yenyewe ilitolewa katika santuri nyingi. Moja ikivunjika, nyingine zaimba. Lakini santuri ya laka mara nyingi ni moja tu duniani. Ikivunjika, aliyesema humo amenyamaza mara ya pili.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba hazina yetu imo katika vyombo vya udongo. Sisi nasi tunao wazee wanaokumbuka namna parokia zetu zilivyoanza, nyimbo za kwanza na majina ya makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Wao ni nakala moja tu. Tusingoje mpaka ufa uonekane.

Tutafakari pamoja: ni mzee yupi katika jumuiya yetu ambaye hatujamketia kumsikiliza? Nani kati yetu ataandika maneno yake kabla ya mwezi huu kwisha?